Kujieleza kwa Babu wa Mkunya

Mtu akifika kwa babu yetu wa Mkunya, ilikuwa sharti ajieleze. Shikamoo peke yake haikutosha. Babu aliitikia marahaba upesi upesi, kama anayefukuza nzi, halafu akamnyooshea mgeni kidole gumba na kumwuliza, "Haya. Wewe nani, na nyuma yako yuko nani?" Hapo mgeni, akiwa bado amesimama juani, alipaswa kutaja jina lake, jina la baba yake na la mama yake, alikotoka, alikolala na alichokula njiani. Muuza chumvi alijieleza. Karani wa kata alijieleza. Mwalimu wa madrasa, aliyekuwa jirani yake kwa miaka mingi, naye alijieleza kila alipokuja kuazima jembe, mpaka akabuni njia yake ya mkato: "Ni yule yule wa juzi, mzee. Hakuna aliyezaliwa wala aliyekufa."

Sisi tulijieleza kuliko wote, kwa sababu habari yetu ilikuwa ngumu kuliko ya chumvi. Tulikwenda kumwambia kwamba yeye ni babu yetu.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani katika soko la Masasi. Alikua akijua kwamba baba yake alikwenda Tanga kukata mkonge wakati yeye bado anatambaa, na kwamba alifia huko huko. Ndivyo alivyoambiwa na mama yake, bibi yetu Esta, mwanamke wa misheni ambaye alikuwa akishasema jambo harudii, na hakuna aliyethubutu kumwomba arudie. Bibi Esta alipofariki, habari za mume wake ziliingia naye kaburini, na Mama akaendelea kushona.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mitumba ilijaa sokoni, na mafundi waliozoea kushona sare za shule wakawa watu wa kupunguza suruali za Wazungu. Siku moja mwanamke mmoja aliteremka kutoka Newala na koti kubwa jeusi la mitumba, akataka lifupishwe mikono. Mama alipoanza kulipima, yule mwanamke hakuliangalia koti. Alikuwa anaangalia vidole gumba vya Mama. Mama ana vidole gumba vipana, vimepinda kwa nyuma kama mwiko wa kupakulia wali. Mwanamke akamwuliza vidole hivyo amevitoa wapi. Mama akamjibu kwamba amezaliwa navyo, na kama koti litakuwa na bitana bei itapanda kidogo.

Mwanamke akasema, "Mwenye koti hili anavyo hivyo hivyo. Ni mume wangu. Akishikwa na homa humwita mtoto aliyemwacha Masasi, anaitwa Somoe."

Mama alisimamisha mashine. Sokoni wote walimjua kwa jina la ubatizo, Agnesi. Jina la Somoe alipewa na baba yake siku alipozaliwa, na tangu Bibi Esta afariki hakuna mtu aliyekuwa amemwita hivyo.

Yule mwanamke tulimwita Mama Halima, kwa jina la binti aliyemzaa kwa mume wake wa kwanza. Alituahidi kwamba atakwenda kumwandaa mzee wake kwa habari zetu. Baadaye tuligundua kwamba hakumwandaa hata kidogo. Alisema angemwambia mapema, mzee angekwenda kulala shamba la mbali mpaka tuchoke kumsubiri.

Basi tukaenda, Mama, sisi na watoto wetu wawili. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Lukuledi, na mume wangu, Baba Tumaini, alikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja wa korosho. Tajiri wake alituazima pikapu kwa siku moja, na tukashukuru sana, bila kuangalia kilichokuwa nyuma. Nyuma kulikuwa na magunia matupu na mizani ya kuning'iniza.

Mkunya iko juu, kwenye uwanda wa Newala, ambako asubuhi kuna ukungu na mikorosho imesimama mistari kwa mistari mpaka unachoka kuiangalia. Tulimkuta babu mbele ya nyumba yake, amekaa kwenye kiti cha basi. Ni kiti kabisa cha basi, cha abiria wawili, alichokinunua basi fulani lilipokufa njiani na mwenyewe akaliuza vipande vipande. Alikaa upande wa dirishani, ingawa dirisha halikuwepo. Mama Halima alikuwa ameondoka kwenda kwenye matanga kijiji cha pili.

Babu aliitazama pikapu, akayatazama magunia, akaitazama mizani. Akasema, "Siuzi."

Baba Tumaini akamwambia kwa heshima kwamba hatukuja kununua korosho. Babu akajibu kwamba wote huanza hivyo.

Lazima nieleze kwamba msimu ule ulikuwa wa kwanza au wa pili tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kupanda Newala, na walipanda kweli kweli. Zamani chama cha ushirika kilichukua korosho na malipo yakafuata kwa wakati wake, na wakati wake haukujulikana. Sasa walikuja watu wenye magari na maneno matamu, kila mzee wakamwita babu, kila bibi wakamwita mama mzazi. Babu alikuwa ameshapata watoto na wajukuu wengi msimu ule kabla sisi hatujafika.

Mama alikuwa amejiandaa kwa wiki nzima. Alishona gauni jipya, na njiani alikuwa anasema maneno yake kwa sauti ndogo. Akasogea mbele, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo. Mimi ni mwanao."

"Marahaba," akasema babu. "Juzi alikuja mwanangu mwingine, wa Lindi. Huyo aliniita baba mpaka akatokwa machozi. Kaondoka na gunia langu."

Nikaona nisaidie. Nikasema mimi ni mjukuu wake, na hawa watoto ni vitukuu vyake.

"Na wewe unanunua kwa bei gani?" akaniuliza.

Akatupanga juani tujieleze mmoja mmoja. Baba Tumaini akajieleza, na babu akamwuliza mizani ni ya nani. Mimi nikajieleza, na babu akataka kujua kwa nini siku hizi walimu nao wanafanya biashara ya korosho. Mtoto wangu Tumaini alikuwa darasa la kwanza. Akajieleza vizuri kuliko sisi wote, kama alivyofundishwa shuleni, na mwisho akaimba. Babu akamsifu, akasema walanguzi wa mwaka huu wamejipanga.

Mama ndiye aliyekwama. Alipoambiwa ataje jina alisema Agnesi, kwa mazoea, na babu akasema hamjui Agnesi yeyote. Mama akafungua mdomo, jina la Somoe likakataa kutoka. Halikuwa limezoea kutoka. Mama yangu ni mtu mpole, lakini akikasirika hunyoosha kidole gumba, na siku ile alikinyoosha mbele ya pua ya mzee.

"Mimi ni Somoe," akasema. "Wa Esta."

Babu hakumwangalia usoni. Aliangalia kidole. Akainuka pole pole kutoka upande wa dirishani, akakiweka chake kando ya kile cha Mama, kama fundi anavyolinganisha vitambaa viwili, akavigeuza mbele, akavigeuza nyuma. Halafu akarudi kukaa. Mwishowe akasema, "Umechelewa."

Mama akasema, "Mimi ndiye niliyechelewa?"

Babu hakujibu hilo. Alimwambia Baba Tumaini aitoe mizani ile nje ya uwanja wake, kisha akasogea kidogo, akapapasa nafasi iliyobaki kwenye kiti cha basi. Mama akakaa. Waliketi hivyo wanatazama mbele, kama abiria wasiofahamiana, mpaka Mama Halima aliporudi na kutukuta. Yeye aliangalia mara moja tu, akauliza, "Mmeshajuana? Basi njooni mnipokee ndoo."

Tangu siku ile tulikuwa tunapanda Mkunya kila nafasi ilipopatikana, na kila tulipofika tulijieleza upya. Mimi nilidhani ni usahaulifu wa uzee. Lakini babu hakuwa msahaulifu. Alikumbuka mbuzi aliyeuzwa kabla ya Uhuru na kasoro zake. Alisema tu kwamba mtu hubadilika, na aliyeondoka hapa mwezi wa tano siye anayerudi mwezi wa nane, kwa hiyo aseme amekuwa nani. Mwanzo tulicheka. Baadaye nilijikuta, kwenye basi la kupanda, nafikiria kwa dhati nitasema nimekuwa nani safari hii.

Kuhusu masikio yake, sikio la kulia lilikuwa zima na la kushoto lilikuwa la kuchagua. Michango ya zahanati halikuisikia. Mwenyekiti wa kijiji aliyefuata malipo ya salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, alipiga kelele mpaka majirani wakaja kuangalia kuna nini, na babu akaendelea kumkaribisha chai. Lakini redio ilipokuwa inanong'ona bei ya korosho ndani ya nyumba ya tatu, babu aliinua mkono watu wanyamaze. Aliwachukia wanunuzi kwa moyo wote, na hakuna kitu kilichomfurahisha kama kubishana nao. Mnunuzi akifika asubuhi, babu alikuwa anamkatalia mpaka adhuhuri, anaswali, anarudi kumkatalia tena. Mmoja aliyekubali bei ya kwanza aliyotajiwa alifukuzwa. Babu alisema ntu yule hana adabu. Hakuwa na uwezo wa kusema mtu. Alisema ntu, ntoto na nkorosho, na alituonea huruma sisi wa Masasi tunaopoteza muda kufunga midomo.

Masasi yenyewe aliiita sufuria. Aliuliza hali ya hewa ya sufuria, na kama watu wa sufuria wameshaiva. Sisi tukamjibu kwamba angalau sufuria ina maji. Hapo aligeuza mazungumzo, kwa sababu ndio ulikuwa udhaifu wa uwanda wote ule. Maji yalikuwa mbali, chini kabisa ya mteremko, na wanawake waliyapandisha kwa kichwa, au watu walikinga ya mvua na kuyalinda kama bibi harusi. Kwa babu ungeweza kujua umepokelewa kiasi gani kwa kuangalia maji uliyopewa. Safari ya kwanza tulipewa kikombe kimoja cha kunawa, familia nzima, na watoto walinawa maji ya Baba Tumaini. Safari ya tatu tulipewa birika. Halafu ikaja siku moja, baada ya vumbi la kiangazi, Mama akaambiwa kuna ndoo ya kuoga, imejaa, ya moto, iko nyuma ya nyumba. Mama alidhani ni ya wote, akachota kidogo. Babu alimsubiri atoke, akakagua ndoo, akamrudisha akaimalize. Mama Halima aliniambia sikioni kwamba mzee mwenyewe alikuwa hajaoga tangu juzi.

Habari ya dini ilimsumbua zaidi kuliko ilivyotusumbua sisi. Yeye alikuwa Mwislamu wa swala tano. Mama alikuwa Mwanglikana kwa upande wa Bibi Esta. Mume wangu alikuwa Mkatoliki wa Lukuledi. Babu alitaka kuelewa tofauti ya hao wawili wa mwisho, na nadhani mpaka mwisho aliamini ni vyama viwili vya ushirika vinavyogombea wanachama wale wale. Alitulia zaidi aliposikia kwamba kila mwezi wa Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, Bibi Esta alikuwa anaandikisha jina la babu kanisani, na Mama akaendelea kuliandikisha baada yake. Aliuliza kwa makini sana. Je, jina lilisomwa kwa sauti? Lilisomwa. Mbele ya watu wote? Mbele ya wote.

"Ndiyo maana," akasema, akamgeukia Mama Halima. "Kila Novemba mgongo wangu."

Mama akamwahidi kwamba hatamwandikisha tena. Babu akafikiri, akasema asiharakishe kufuta. Labda mgongo ungekuwa mbaya zaidi bila hayo maombi.

Pombe hakunywa. Gongo ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, aliikemea hadharani, na vijana walioitengeneza walijificha wakimwona. Lakini uraka, yale maji ya mabibo yanayokamuliwa asubuhi na kufikia jioni yakiwa na akili zake, hayo alisema ni matunda tu. Aliyanywa kwenye kikombe chenye mfuniko. Alipomaliza alikuwa anasamehe wanunuzi wote wa Lindi, akaweka nadhiri za ukarimu ambazo kesho yake sikio la kushoto halikuzisikia.

Mume wangu ndiye aliyepata taabu kubwa. Babu alipojua kwamba niliolewa bila yeye kuulizwa, alisema basi ndoa bado. Hakuwa na hasira, alikuwa anarekebisha mambo tu. Akaita majirani, pamoja na yule mwalimu wa madrasa, akamtaka Baba Tumaini aje kuposa upya. Baba Tumaini akasimama mbele ya wazee, mtoto wetu mdogo yuko mabegani anamvuta masikio, akaomba kunioa. Babu akamwuliza kazi yake. Akasema dereva. Gari ni la nani? La tajiri.

"Kwa hiyo unaendesha, lakini gari huna," akasema babu. "Mimi nilikata mkonge, na mkonge sikuwa nao. Najua jinsi mtu anavyoweza kuzunguka miaka na miaka na kitu cha mwenzake, halafu arudi mikono mitupu."

Wazee wakaguna. Mimi nilidhani hapo posa imekataliwa. Kisha babu akanigeukia akaniuliza kama nimemkubali kijana huyu. Wakati huo nilikuwa na mimba ya mtoto wa tatu, na ilikuwa inaonekana kutoka barabarani. Nikasema nimemkubali. Mwalimu wa madrasa alicheka mpaka akaomba maji, na kwa siku ile akapewa.

Nimesema babu hakujibu pale Mama alipomwuliza nani aliyechelewa. Swali hilo Mama aliendelea kuwa nalo. Hakutaka ugomvi. Alitaka tu kujua kwa nini mtu aliyetoka Tanga akiwa hai alipita Masasi, akapanda Newala, akakaa miaka yote hiyo kwenye uwanda unaoonekana kutoka kwetu siku zisizo na vumbi. Kila safari alipanga kuliuliza. Njiani uso wake ulikuwa unabadilika, nami nilijua analifanyia mazoezi. Tukifika, babu alimtaka ajieleze, akamsifu gauni, akamwonyesha mkorosho uliougua, na jioni tukarudi na swali letu pamoja na muhogo.

Na yeye babu hakuwahi kushuka kwetu. Tulimwalika Krismasi, tukamwalika Idi, tukamwalika mtoto wa tatu alipozaliwa. Mara goti, mara mbuzi anakaribia kuzaa, mara wanunuzi wanaweza kuja. Tuliacha kumwalika ili kumpunguzia kazi ya kutafuta sababu.

Alijibu bila kuulizwa. Ilikuwa mchana wa kawaida, mvua za kwanza zimeshanyesha, na Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha basi anatengeneza bitana ya lile lile koti jeusi. Mimi nilikuwa namenya muhogo na Mama Halima pale karibu. Babu alikuwa anaangalia sindano inavyokwenda. Akasema, "Mimi nilikuona, Somoe."

Mama hakuinua kichwa. Akauliza alimwona lini.

Babu akaeleza. Alisema alikaa kwenye mkonge miaka mingi kuliko alivyokusudia, kwa sababu kila mkataba ulipoisha aliona alichonacho hakitoshi kurudi nacho. Mwishowe alinunua kasha la bati, akalijaza vitu: vitenge, sufuria, viatu vya mtoto ambavyo alivikisia ukubwa. Kasha likaibiwa njiani, yeye amelala. Alifika Masasi na nguo alizovaa. Pale stendi akamwuliza mwenye duka kama anamfahamu Esta wa misheni, na yule akamwonyesha msichana aliyekuwa anapita na sinia la vitumbua kichwani, akasema yule pale ni binti wa Esta.

"Ulikuja mpaka niliposimama," akasema. "Ukanipa shikamoo. Nikaitikia. Nilikuwa na senti za vitumbua viwili, nikanunua. Wewe ukaniangalia, ukaniongeza kimoja. Hukusema kitu, uliongeza tu, ukaenda."

Mama Halima alikuwa ameacha kumenya.

"Nikasema, ntoto huyu ananipa mimi, na mimi ndiye niliyetakiwa kuja na kitu. Nikavila vile vitumbua nyuma ya duka. Nikasema nitapanda juu nilime msimu mmoja, nishuke na chochote. Msimu ule haukuwa mzuri. Uliofuata nilikuwa na kitu kidogo, lakini na miaka ilikuwa imeongezeka, na kitu kilichofaa mwaka jana nikaona hakifai tena. Ikawa hivyo."

Nilimwangalia Mama. Sindano ilikuwa imesimama katikati ya bitana. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikukielewa, si machozi, si hasira.

"Ulikuwa mrefu," akaongeza babu, kwa sauti ya kujivunia. "Nilisema huyu amemfuata mama yangu. Siku hizi umepungua."

"Ni uzee, Baba," akasema Mama, akaendelea kushona.

Tuliposhuka kwa basi jioni ile, Mama alikuwa anakunja na kukunjua khanga mpaka tulipoanza mteremko. Halafu akaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikamshika bega, kumbe anacheka, ameziba mdomo kwa khanga, na machozi nayo yanatoka. Aliponiambia, nami nikashindwa kujizuia. Mama yangu hajawahi kuwa mrefu. Akisimama na watoto wa darasa la saba huonekana mmoja wao. Wala hajawahi kuuza vitumbua. Bibi Esta hakuruhusu binti yake akanyage stendi, na zaidi ya hayo Mama alikuwa bwenini miaka ile. Misheni ilikuwa imejaa kina Esta. Huyo aliyemwona babu alikuwa binti wa Esta mwingine, Esta wa vitumbua, wa nyumba za nyuma ya soko.

Tulipotulia nikamwuliza kwa nini hakumwambia.

"Nimwambie nini?" akasema. "Kwamba alimkimbia mtoto wa watu?"

Akageukia dirishani. Baadaye kidogo akasema kwamba mzee ameishi na yule binti kwa miaka mingi, tena ni binti mwema, na hakuona sababu ya kumnyang'anya. Nikamkumbusha kwamba amekubali mbele ya mashahidi kuwa ndiye, na babu anakumbuka kila kitu. Mama akasema analijua hilo.

Wiki ile ile alifunga mashine mapema, akaenda nyuma ya soko kumtafuta yule mwanamke. Hakuwa mbali. Alikuwa bado mrefu, ana wajukuu, na bado anakaanga. Mama akamweleza habari yote. Mwanamke yule alijitahidi kukumbuka, akashindwa. Alisema alikuwa anawaongeza wote walioteremka kwenye magari wakiwa na sura ya njaa, mama yake alimchapa kwa ajili hiyo, na hawezi kumkumbuka mmoja. Lakini alikubali kumfundisha.

Mama, mwanamke wa makamo, fundi anayeheshimika, akaenda kila alasiri kujifunza kukaanga vitumbua. Hakuwa na mkono huo hata kidogo. Vya kwanza vilitoka vimeungua nje na ndani ni uji. Sisi nyumbani tulivila wiki mbili bila kulalamika, isipokuwa Tumaini, aliyesema vinafanana na makaa.

Safari iliyofuata tulipanda na chombo kimefunikwa. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho tulipomkuta babu amekaa kwenye kiti chake. Baada ya hapo alikuwa mtu wa kitandani. Alikuwa amevaa koti jeusi, amekonda ndani yake, lakini kidole gumba kilinyooka kama kawaida. Tukajieleza mmoja mmoja. Zamu ya Mama ilipofika alisema yeye ni Somoe wa Esta, amelala Masasi, amekunywa chai, na amekuja na vitumbua.

Babu akakiweka chombo magotini, akachukua kimoja, akakivunja, akakitafuna taratibu sana. Sisi wote tulisimama tunamwangalia kama watu wanaosubiri hukumu. Akachukua cha pili. Alipokimaliza akafuta vidole kwenye koti.

"Umesahau kidogo," akamwambia Mama. "Lakini nkono ni ule ule."

Mama akanyoosha mkono chomboni, akamwongeza kimoja.